Mtazamaji kama Shahidi: Mwitiko wa Hadhira katika Filamu za Makuzi Nchini Kenya

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulika sana na mwandishi pamoja na kazi yake. Maswali yanayotawala mitihani na tasnifu ni yale ya maudhui, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa kuhusu mtu aliyeipokea kazi hiyo: alicheka wapi, alinyamaza wapi, alibishana na nani baada ya kutoka ukumbini, na kwa nini? Hadhira hutajwa katika sura za fasihi simulizi, kisha husahauliwa mara tu mjadala unapofikia riwaya, tamthilia na filamu.

Makala haya yanalirejesha swali la hadhira kwa kuchunguza filamu mbili za Kenya zilizotoka mwaka wa 2018. Ya kwanza ni Supa Modo iliyoongozwa na Likarion Wainaina, na ya pili ni Rafiki iliyoongozwa na Wanuri Kahiu. Zote mbili ni filamu za makuzi, kwa maana kwamba zinamfuata msichana anayevuka mpaka wa utoto na kuingia katika ujuzi mzito wa maisha. Hata hivyo, mapokezi yake yalitofautiana mno. Moja ilichaguliwa kuiwakilisha nchi katika tuzo za Oscar. Nyingine ilipigwa marufuku nchini humo humo, mwaka huo huo. Baada ya filamu hizo, makala yanaugusia mchezo wa kuigiza wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, Kaunti ya Kakamega, uliozua mtafaruku mwaka wa 2025. Mchezo huo si filamu, lakini unalionyesha tatizo la hadhira kwa uwazi ambao filamu zenyewe hazikuweza kulionyesha.

Hoja inayotetewa ni kwamba katika kazi ya makuzi mtazamaji ni zaidi ya mpokeaji wa ujumbe. Yeye ni shahidi. Kijana hawezi kusemekana amekua ikiwa hakuna macho yaliyomwona akikua na kinywa kilichokiri hivyo. Kwa sababu hiyo, anayemzuia mtazamaji huiondolea kazi hiyo sehemu mojawapo ya muundo wake.

Dhana ya makuzi na dhana ya hadhira

Kazi ya makuzi humfuata mhusika mkuu kutoka utotoni au ujanani hadi anapopata utambuzi fulani kumhusu yeye mwenyewe na jamii yake. Katika riwaya ya Kiswahili, mifano haikosekani. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi inamfuata msichana anayetoka chini ya mkono mkali wa baba na kuingia katika ulimwengu asioandaliwa kuukabili. Siku Njema (1996) ya Ken Walibora inamfuata Kongowea Mswahili katika safari ndefu ya kumtafuta baba yake, safari inayoanzia Tanga na kumleta Kenya. Katika riwaya zote mbili, safari ya mwili ni safari ya nafsi pia.

Inafaa kukumbuka kwamba Rosa Mistika nayo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda, na baadaye ikaja kufundishwa katika shule hizo hizo. Matini haikubadilika. Kilichobadilika ni wasomaji na matarajio yao. Jambo hili ndilo lililomshughulisha mhakiki Mjerumani Hans Robert Jauss, ambaye katika mhadhara wake wa mwaka wa 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz alitaka historia ya fasihi iandikwe kwa kuzingatia upokezi. Kwa mtazamo wake, kila msomaji huijia kazi akiwa na upeo wa matarajio: mambo aliyokwisha kuyasoma, mila anazozijua, na maswali ya wakati wake. Kazi inaweza kuukidhi upeo huo, kuusukuma mbele au kuuvunja. Mwenzake, Wolfgang Iser, aliongeza kwamba matini yoyote huwa na mapengo ambayo msomaji ndiye anayeyajaza, na kwamba maana huzaliwa katika ujazaji huo.

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kwenda Konstanz ili aielewe nadharia hii. M. M. Mulokozi alikwisha kueleza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hutegemea kukutana kwa fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Ondoa hadhira, na hakuna tukio. Wengi wetu hulikubali wazo hilo tunapozungumzia ngano na vitendawili. Swali ni kama linafaa pia kwa filamu, ambayo hurekodiwa mara moja na huendelea kubaki vile vile hata kama ukumbi ni mtupu. Makala haya yanashikilia kwamba linafaa, na kwamba filamu za makuzi ndizo zinazolithibitisha vyema zaidi.

Mtazamaji wa Magharibi mwa Kenya

Kabla ya kuziingia filamu, ni vyema kutazama upeo wa matarajio ambao mtazamaji wa Kakamega na viunga vyake anaweza kuja nao. Katika eneo hili, kukua hakujapata kuwa jambo la faragha. Miongoni mwa Wabukusu, kijana anayetahiriwa husimama imara mbele ya watu bila kupepesa macho. Kisu ni sehemu ya tukio, lakini macho ya watu nayo ni sehemu ya tukio. Wale waliosimama pale ndio watakaosema, miaka mingi baadaye, kwamba fulani alisimama au alitetereka. Ushahidi wao ndio cheti chake.

Ndivyo ilivyo pia katika ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo shirika la UNESCO liliiweka mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma hii huchezwa katika sherehe za uzazi, jando, harusi, mazishi na hafla nyinginezo, yaani katika vipindi vyote ambamo mtu huvuka kutoka hali moja hadi nyingine. Mpaka kati ya mchezaji na mtazamaji huwa mwembamba; aliyekuja kutazama hujikuta anaitikia wimbo, na anayeitikia hujikuta anacheza. Miongoni mwa sababu za ngoma hii kuhesabiwa kuwa hatarini ni kwamba watazamaji wanazidi kuhamia katika burudani za kisasa. Kwa maneno mengine, urithi huu unatishiwa na upungufu wa hadhira kama unavyotishiwa na upungufu wa wapigaji ngoma.

Burudani hizo za kisasa, hata hivyo, hazikuua mazoea ya kuitikia. Katika vibanda vya video vilivyoenea katika miji ya Kenya, filamu za kigeni zimekuwa zikitazamwa kwa kelele, ubashiri na mabishano. Umaarufu wa DJ Afro, anayezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, unatokana na kuyaelewa mazoea haya. Nchini Tanzania Lufufu alifanya kazi kama hiyo kwa Kiswahili, na nchini Uganda VJ Jingo ameifanya kwa Kiganda. Msimulizi wa namna hii hatafsiri maneno peke yake. Huwapa wahusika majina ya mtaani, huwakejeli, huwaonya, na kuyajaza mapengo ya Iser kwa niaba ya ukumbi mzima. Ni fanani aliyekaa kati ya skrini na hadhira. Mtazamaji aliyelelewa katika ngoma na katika kibanda cha video hatarajii kuketi kimya. Anatarajia kuhusishwa.

Supa Modo: kijiji kinachokubali kuona

Supa Modo ni filamu ya dakika 74 inayozungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza. Inamhusu Jo, msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiotibika, ambaye mama yake anamtoa hospitalini ili siku zake zilizobaki azimalize nyumbani. Jo anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, hawezi kuvumilia kumwona akilala kitandani akingoja mauti, kwa hivyo anabuni hila ya kumfanya Jo aamini kwamba naye ana nguvu hizo. Anawashawishi wanakijiji washiriki: vitu vinasogea kwa amri ya Jo, na watu wanaganda mahali walipo kana kwamba mtoto huyo amesimamisha wakati. Mama, ambaye ni mkunga, anaipinga hila hiyo mwanzoni. Hatimaye kijiji kizima kinaungana kutengeneza filamu ambamo Jo ni shujaa.

Kwa kawaida, hadithi ya makuzi humpa mhusika wake muda. Jo hana muda. Hatafikia ujana, hataolewa, hatasafiri kama Kongowea. Je, inawezekanaje basi filamu hii kuitwa ya makuzi? Jibu liko katika hadhira iliyomo ndani ya filamu yenyewe. Wanakijiji wanapokubali kuganda barabarani, wanakuwa watazamaji waliochagua kuona kile ambacho mtoto anakihitaji. Ukuaji wa Jo unapatikana katika macho yao. Anapotambua kwamba nguvu zake ni kazi ya mikono ya wengine, anaujua ukweli mara mbili: kwamba atakufa, na kwamba anapendwa. Kuushika ukweli wa kwanza bila kuuachilia wa pili ni ukomavu ambao watu wazima wengi hawaufikii.

Mama yake naye ni mtazamaji, tena mgumu kuliko wote. Mkunga ni shahidi wa kwanza wa maisha ya mtu. Mwanamke aliyezoea kuwapokea watoto wa wenzake anaombwa kumsindikiza wa kwake. Upinzani wake dhidi ya hila ya Mwix hauonyeshi kukosa huruma. Ni kukataa kutoa ushahidi wa jambo analoona ni la uongo. Safari yake kutoka kukataa hadi kushiriki ndiyo ramani ambayo filamu inampa mtazamaji aliye ukumbini. Mtu anayetazama Supa Modo huanza akiwa mahali pa mama, akijua kwamba hadithi ya nguvu za ajabu haiwezi kumponya mtoto. Humaliza akiwa mahali pa wanakijiji. Machozi yanayomtoka hapo si ya huzuni tupu, kwani amepewa kazi ya kufanya, nayo ni kushuhudia.

Filamu hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin, Februari 2018, katika kitengo cha filamu za watoto na vijana, na ilitajwa kwa heshima na baraza la waamuzi ambao wenyewe walikuwa watoto. Jambo hili linafaa kuzingatiwa. Watoto wa Ujerumani walikuwa na upeo wa matarajio tofauti kabisa na ule wa kijiji cha Kenya, lakini waliitambua hali ya mtoto anayetaka kuonekana. Septemba ya mwaka huo, Supa Modo iliteuliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu za lugha za kigeni.

Rafiki: jicho linalohukumu

Rafiki inatokana na hadithi fupi ya "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2007. Wahusika wake wakuu ni Kena na Ziki, wasichana wa mtaa mmoja jijini Nairobi, ambao baba zao ni wapinzani katika uchaguzi. Urafiki wao unageuka kuwa mapenzi. Kena anajiona akiwa muuguzi siku za usoni. Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Swali hilo dogo lina uzito katika filamu ya makuzi, kwani linaupanua upeo wa mhusika kabla hata mapenzi hayajatajwa.

Jina la filamu linastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Neno "rafiki" halina alama ya jinsia, kama yalivyo majina mengi ya watu katika lugha hii. Mtu anaweza kumtambulisha mwenzake kwa neno hilo bila kusema zaidi. Pengo la Iser, kwa hivyo, limo katika jina lenyewe, na mtazamaji analijaza kulingana na anachokiona au anachokataa kukiona.

Kama ilivyo katika Supa Modo, filamu hii ina hadhira ndani yake. Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula, huketi mahali panapomwezesha kuona kila anayepita, naye hukisambaza anachokiona. Mtaa mzima ni ukumbi. Lakini hadhira ya Rafiki haikubali kuganda kwa ajili ya mtoto. Inachungulia, inanong'ona, na hatimaye inageuka kuwa kundi linalowapiga wasichana wale wawili. Filamu hizi mbili zinapowekwa pamoja, zinaonyesha pande mbili za sarafu moja. Katika moja, jamii inamtazama kijana ili aishi muda mfupi uliobaki kwa heshima. Katika nyingine, jamii inamtazama ili imrudishe mahali pake. Kwa vyovyote vile, hakuna anayekua pasipo macho ya watu. Suala ni aina ya macho.

Aprili 27, 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya iliipiga marufuku Rafiki kwa madai kwamba ilikusudia kuendeleza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata filamu hiyo ilionyeshwa Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika orodha rasmi ya tamasha hilo. Mwongozaji wake ameeleza kwamba jambo mojawapo lililoikera Bodi ni mwisho wa filamu, ambao ulionekana kuwa na matumaini mno. Kauli hii ni muhimu kwa mhakiki. Mwisho ni mahali ambapo kazi ya makuzi hutangaza kama mhusika amekua au ameangamia. Kudai mwisho ubadilishwe ni kudai hukumu ya mtazamaji iandikwe kabla hajaketi.

Septemba 21, 2018, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7 ili filamu itimize masharti ya kushindania uteuzi wa Oscar. Katika uamuzi wake alisema, kwa muhtasari, kwamba hakushawishika kuwa Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa na filamu kama hiyo. Maonyesho ya jijini Nairobi yalijaa watu. Kisha siku zikaisha. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu, chini ya jaji mwingine, iliiunga mkono Bodi. Siku 7 ni chache mno kwa filamu kuifikia miji iliyo mbali na Nairobi. Kwa wakazi wengi wa Kakamega, mjadala wa Rafiki ulikuwa mjadala kuhusu filamu ambayo hawakuiona. Walioiunga mkono na walioipinga walizungumza kwa kutegemea tetesi, kama wateja wa Mama Atim.

Woga wa mtazamaji dhaifu

Ipo dhana iliyojificha nyuma ya marufuku za namna hii, nayo ni kwamba mtazamaji ni mtu dhaifu, anayebeba kila anachoonyeshwa. Dhana hii haikuzaliwa mwaka wa 2018. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa sinema wa BEKE ulitengeneza filamu za mafunzo huko Vugiri, Tanganyika, na kuzizungusha Afrika Mashariki kwa gari. Baadaye, Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa London mwaka wa 1939 kiliifuata nadharia ya William Sellers kwamba Mwafrika hawezi kuelewa filamu yenye kasi na mikato mingi, hivyo aonyeshwe picha za polepole na rahisi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ambayo ndiyo msingi wa mamlaka ya Bodi, nayo ilitungwa mwaka wa 1962, kabla ya Kenya kupata uhuru.

Haimaanishi kwamba kila uainishaji ni ukoloni. Mzazi ana haki ya kujua kama filamu inamfaa mtoto wa miaka 6, na jamii ina haki ya kujadili maadili yake. Wapo watazamaji walioipinga Rafiki kwa imani ya dini au mila zao, na mwitiko wao ni mwitiko halali unaostahili kuchunguzwa kama mwingine wowote. Lakini kuna tofauti kati ya mtazamaji anayeikataa kazi na mtu anayeamua kwamba mtazamaji asipewe nafasi ya kuikataa. Wa kwanza ametoa ushahidi. Wa pili amefunga mahakama.

Mazoea ya kibanda cha video yanaipinga dhana ya udhaifu moja kwa moja. Mtazamaji anayemzomea shujaa, anayebashiri hila ya adui, anayecheka mahali mwongozaji alipotaka alie, hawezi kuitwa chombo kitupu.

Butere: jukwaa lisilo na hadhira

Mwaka wa 2013, wasichana wa Butere waliandaa mchezo wa Shackles of Doom ulioandikwa na Cleophas Malala. Mchezo ulizuiwa kuonyeshwa katika ngazi ya kitaifa, na Mahakama Kuu ikaamuru uonyeshwe. Mwaka wa 2025, Malala, ambaye kati ya 2017 na 2022 alikuwa Seneta wa Kakamega, aliiandikia shule hiyo mchezo mwingine, Echoes of War, kuhusu ufalme wa kubuni unaotoka vitani na vijana wake wanaotaka kusikilizwa na wazee. Mahakama Kuu iliamuru mapema Aprili kwamba shule hiyo iruhusiwe kushiriki Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu huko Nakuru. Mwandishi alikamatwa na polisi siku moja kabla ya onyesho.

Asubuhi ya Aprili 10, 2025, polisi waliwazuia wananchi na wanahabari kukaribia ukumbi, na gesi ya kutoa machozi ikatumiwa kuwatawanya waliokusanyika. Wasichana waliingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakatoka bila kuigiza. Miongoni mwa sababu walizozitoa ni kwamba hapakuwa na hadhira.

Kisheria, onyesho lilikuwa limeruhusiwa. Jukwaa lilikuwepo, waigizaji walikuwepo, na maneno walikuwa wameyahifadhi. Mtu anayeamini kwamba maana ya kazi imo ndani ya matini peke yake angewashangaa wasichana hao: si wangeigiza tu? Lakini wao walielewa jambo ambalo Mulokozi aliliandika na ambalo wazee wao walilijua kabla ya vitabu. Kuigiza mbele ya viti vitupu kungekuwa kukubali kwamba mtazamaji ni pambo. Walikataa, na kukataa kwao, kulikoonwa na nchi nzima kupitia vyombo vya habari, kukawa ndiko kukua kwao mbele ya watu.

Hapa ndipo filamu na mchezo vinapokutana. Jo alipata hadhira iliyokubali kushuhudia. Kena na Ziki walipata hadhira iliyohukumu ndani ya filamu na hadhira iliyozuiliwa nje yake. Wasichana wa Butere walinyimwa hadhira, nao wakauonyesha umma ukubwa wa pengo hilo.

Namna ya kuchunguza mwitiko

Ikiwa hoja hii inakubalika, basi mwanafunzi wa Kiswahili anahitaji mbinu ya kuifanyia kazi. Hatua tatu zinapendekezwa, na zinaweza kutekelezwa na mwanafunzi yeyote wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro au kwingineko, mradi awe na filamu iliyoruhusiwa, daftari na ridhaa ya watazamaji.

Kwanza ni kabla ya onyesho. Watazamaji waulizwe wanatarajia nini kutokana na jina la filamu, lugha yake na mahali ilikotengenezwa. Majibu haya ndiyo upeo wa matarajio, na yasipoandikwa mapema hayapatikani tena, kwa sababu mtu akishaona filamu hudhani alijua tangu mwanzo.

Pili ni wakati wa onyesho. Mchunguzi aandike dakika na aina ya mwitiko: kicheko, mguno, swali kwa jirani, ubashiri, kuitikia wimbo, kuangalia simu, kutoka nje. Kimya nacho kiandikwe, tena kwa uangalifu. Kimya cha watu waliochoka si sawa na kimya cha watu walioguswa. Tofauti hujulikana kwa namna mtu anavyoketi na kwa kile anachokisema kinapovunjika. Lugha ya mwitiko izingatiwe pia: mtazamaji alicheka kwa Kiswahili akaomboleza kwa lugha ya mama?

Tatu ni baada ya onyesho. Watazamaji waombwe kuisimulia upya hadithi kwa maneno yao. Wanachokiacha, wanachokiongeza na mwisho wanaoutoa ni data bora kuliko jibu la "ilinifurahisha". Makundi ya umri na jinsia yalinganishwe. Mama aliyefiwa na mtoto na kijana wa kidato cha tatu hawataisimulia Supa Modo kwa namna moja, na kila mmoja atakuwa ametoa ushahidi wake.

Mchunguzi ajihadhari na kosa la kuwasahihisha watazamaji. Hakuna mwitiko usio sahihi katika hatua ya ukusanyaji. Kazi ya mhakiki ni kueleza kwa nini ukumbi ulicheka mahali yeye alipolia.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba filamu ya makuzi hudai mtazamaji kwa namna ya pekee, kwa sababu kukua kwenyewe ni tendo linalohitaji mashahidi. Supa Modo inaliweka wazo hilo katikati ya hadithi yake. Rafiki inalionyesha kwa upande wa maumivu. Na tukio la Butere linalithibitisha kwa kukosekana kwa hadhira. Yamedokeza pia kwamba woga wa mtazamaji dhaifu una historia ndefu, na kwamba desturi za hadhira ya Magharibi mwa Kenya, kuanzia Isukuti hadi kibanda cha video, hazimwonyeshi mtu dhaifu hata kidogo.

Uwanja huu bado ni mpana. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka wa 1999 imekwisha kuwa filamu mikononi mwa Amil Shivji mwaka wa 2021, na mwitiko wa wasomaji walioijua riwaya ukilinganishwa na wa watazamaji walioijua filamu pekee ungeweza kuzaa tasnifu nzima. Uchunguzi kama huo utahitaji mhakiki aliye tayari kukigeuza kiti chake, aiache skrini kwa muda na kuwatazama wanaotazama. Vijana wanaotungiwa kazi hizi ndio watakaozifundisha kesho, na wanastahili kuulizwa waliona nini.